Gitaa la Besi Linalofunguka kwa Bisibisi

Gitaa la besi la umeme ni miongoni mwa ala chache za muziki ambazo mwenye nazo anaweza kuzifumua mezani kwa bisibisi moja, akabadilisha sehemu aitakayo, kisha akaiunganisha upya ala yake jioni hiyohiyo bila kumwita fundi. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Leo Fender, aliyebuni besi iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1951 kwa jina la Precision Bass katika mji wa Fullerton, California, hakuwa mpiga gitaa wala seremala wa fidla. Alikuwa fundi wa redio aliyefungua duka lake la matengenezo mwaka 1938, na fundi wa redio huamini kwamba kila kifaa kitaharibika siku moja, kwa hiyo kila kifaa lazima kiweze kufunguliwa. Shingo ya besi yake ilifungwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne badala ya gundi, na nyaya zote za umeme zilikaa mahali panapofikika kwa kuondoa kifuniko. Sura hii inashikilia kwamba tabia hiyo ya kufunguka ndiyo iliyozaa upenzi mzima wa kumiliki na kurekebisha besi, na kwamba anayelinganisha besi mbili bila kuikumbuka huishia kulinganisha vitu ambavyo havina mizani moja.

Kabla ya hapo, kazi ya sauti nzito katika bendi ilifanywa na ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama, ambayo nyuzi zake zina urefu wa zaidi ya mita moja na shingo yake haina alama yoyote ya kumwonyesha mpigaji mahali noti ilipo. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ameuza besi ya umeme ya kushikwa kama gitaa tangu katikati ya miaka ya 1930, lakini haikuenea. Ile ya Fender ilienea, na jina lake la Precision, lenye maana ya usahihi, lilitokana na freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa kwa upana wa shingo ambavyo humpa mpigaji noti sahihi palepale anapobana uzi. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja, lile bamba la chuma linaloshikilia nyuzi upande wa chini, ulipunguzwa ukawa inchi 34, sawa na sentimita 86 hivi, na kipimo hicho ndicho kinachotumiwa na besi nyingi hadi sasa.

Sauti ya besi hiyo hunaswa na pikapu, kifaa chenye sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, ambacho hugeuza mtetemo wa uzi wa chuma kuwa umeme. Pikapu ya mwaka 1951 ilikuwa na koili moja, na koili moja hunasa pia mngurumo wa nyaya za umeme za jengo. Mwaka 1957 Fender aliigawa pikapu hiyo vipande viwili, kila kimoja chini ya nyuzi mbili, huku sumaku na mizunguko ya kipande kimoja ikielekezwa kinyume cha kile cha pili, ili mngurumo unaoingia pande zote mbili ujifute wenyewe bila kugusa sauti ya nyuzi. Ni suluhisho la fundi wa redio kabisa, na uzuri wake unaonekana katika ukweli kwamba Precision Bass inayouzwa madukani leo bado inalitumia karibu bila mabadiliko.

Mwaka 1960 ilifuata Jazz Bass, na hapo ndipo ulinganishaji ulipoanza kwa kweli, kwa kuwa sasa kulikuwa na ala mbili za kiwanda kimoja, zenye urefu uleule wa nyuzi, zilizotofautiana katika mambo machache yanayoweza kutajwa. La kwanza ni shingo. Kwenye kizingiti, yaani kile kipande chembamba chenye mifereji kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa, Jazz Bass ilikuwa na upana wa milimita 38, ilhali Precision ya awali ilikuwa na milimita 44 hivi, na mkono wa kushoto huihisi tofauti hiyo kabla sikio halijasikia chochote. La pili, ambalo lina uzito mkubwa zaidi, ni pikapu mbili zilizokaa mahali pawili tofauti chini ya nyuzi.

Mahali pikapu ilipo panastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo palipo na siri kubwa ya sauti ya besi. Uzi ukipigwa hautetemeki kwa umbo moja. Hutetemeka mzima, na wakati huohuo hutetemeka katika nusu, theluthi, robo na mafungu madogo zaidi, na kila mgawanyo hutoa sauti yake ya juu inayojichanganya na sauti ya msingi. Pikapu husikia kile tu kinachotikisika juu yake, kiasi kwamba ikiwekwa mahali ambapo mgawanyo fulani una kituo chake cha utulivu, sauti ya mgawanyo huo haiingii kabisa kwenye waya. Karibu na daraja uzi hucheza kidogo, sauti ya msingi hudhoofika na zile za juu hujitokeza, ndiyo maana pikapu ya nyuma ya Jazz Bass ikifunguliwa peke yake hutoa sauti kavu yenye makali, na ile ya mbele hutoa sauti nene zaidi. Zikifunguliwa zote kwa kiwango sawa, baadhi ya sauti za kati hufika kwenye pikapu moja zikiwa zinapanda na kwenye nyingine zikiwa zinashuka, zikafutana, na msikilizaji husikia sauti iliyopungua katikati, yenye uzito chini na mng'ao juu. Precision husikiliza kila uzi mahali pamoja tu, kwa hiyo haina ufutaji huo, na sauti yake ya kati hubaki imejaa. Katika bendi yenye magitaa mengi na tarumbeta, utimilifu huo wa katikati ndio unaoifanya isikike.

Kwa kuwa mambo ni hivyo, sentimita moja inaweza kuwa na maana kuliko jina la mbao. Katika miaka ya 1970 pikapu ya nyuma ya Jazz Bass ilisogezwa kuelekea daraja kwa umbali unaokaribia sentimita moja, na wapenzi wa besi hadi leo huzitenganisha zile za miaka ya 1960 na zile za miaka ya 1970 kwa kigezo hicho. Marcus Miller, ambaye upigaji wake wa kugonga nyuzi kwa kidole gumba umesikika katika rekodi nyingi, hutumia Jazz Bass ya mwaka 1977, na ukali wake wa juu unatokana kwa sehemu na nafasi hiyo ya pikapu, na kwa sehemu na marekebisho ya umeme aliyofanyiwa na fundi Roger Sadowsky wa New York.

Pamoja na hayo yote, badiliko kubwa kuliko yote ambalo mmiliki anaweza kulifanya ni la nyuzi, nalo ni la bei ndogo kuliko mengine na hupuuzwa kuliko mengine. Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa nje. Waya huo ukiwa wa mviringo, uso wa uzi huwa na mikunjo, sauti huwa angavu na hudumu kwa muda mrefu, na vidole vikiteleza husikika vikikwaruza. Ukiwa bapa, uso huwa laini, sauti za juu hupungua, na noti hufanana zaidi na ile ya fidla kubwa ya kusimama. Vitabu vya historia ya muziki huwaweka watu wawili kwenye ncha mbili za jambo hili. James Jamerson, aliyepiga besi katika idadi kubwa ya nyimbo zilizorekodiwa na kampuni ya Motown mjini Detroit, alitumia Precision Bass ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa nene ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, akipiga kwa kidole kimoja cha shahada. John Entwistle wa kundi la The Who alitaka kinyume chake, na mwaka 1966 alishirikiana na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kupata nyuzi za waya wa mviringo zilizolia kwa mng'ao wa piano. Mtu anayenunua Precision ili apate sauti ya Jamerson, kisha akaacha nyuzi mpya za mviringo zilizokuja na gitaa, amenunua nusu ya kitu alichokitaka, na anaweza kuilaumu pikapu bure kwa miaka.

Kutokana na hilo, ulinganishaji wa haki una masharti ambayo hayabembelezeki. Besi mbili zinazolinganishwa lazima ziwe na nyuzi za aina moja, unene mmoja na umri mmoja, zipigwe na mkono mmoja mahali pamoja, kwa amplifaya moja na kwa sauti ya kiwango kimoja. Sharti la mwisho ndilo linalovunjwa mara nyingi, kwa sababu sikio la binadamu hupokea sauti nzito vibaya zinapokuwa chini, hivyo besi yenye pikapu kali kidogo huonekana kuwa na uzito zaidi kumbe imezidi kwa kelele tu. Vilevile uzi mzito wa E hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo za simu haziwezi kabisa kutoa mtetemo wa polepole kiasi hicho. Anayelinganisha besi kwa simu anasikia zile sauti za juu tu, na akili yake inamjazia za chini. Ikiwa jambo zaidi ya moja limebadilishwa kwa wakati mmoja, hakuna awezaye kusema ni lipi lililoleta tofauti, hata awe na sikio la namna gani.

Kabla ya kununua kipuri chochote, besi inapaswa kwanza kurekebishwa ilivyo. Nyuzi nne za unene wa kawaida huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70 hadi 80, na kinachozuia shingo isipinde kama upinde ni nondo nyembamba ya chuma iliyofichwa ndani yake, ambayo hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo maalumu. Uzi ukibanwa kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na kiwiliwili, katikati panapaswa kubaki upenyo mdogo sana; ukiwa mkubwa nondo hukazwa, usipokuwepo hulegezwa, kila mara kwa robo ya mzunguko, kisha mbao huachwa itulie. Baada ya hapo hupangwa kimo cha nyuzi, na mwisho husogezwa vitandiko vya daraja hadi noti inayobanwa kwenye freti ya 12 ilingane na ile inayolia uzi unapoguswa tu juu ya freti hiyo. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, kwa hiyo besi iliyorekebishwa Nairobi ikipelekwa Mombasa au Unguja itahitaji kutazamwa upya, na chumvi ya hewa ya pwani ikiungana na jasho huzila nyuzi na skrubu za daraja haraka kuliko wenye nazo wanavyotarajia. Besi nyingi zinazouzwa kwa madai kwamba hazina sauti nzuri hazikuwahi kupewa huduma hii hata mara moja.

Suala la mbao limezua mabishano marefu, na inafaa msimamo uwekwe wazi. Aina ya mbao ya kiwiliwili ina athari ndogo kwa sauti inayotoka kwenye spika ikilinganishwa na nyuzi, pikapu na mkono. Shingo ndiyo inayobeba mengi. Katika besi nyingi za mtindo wa Fender, uzi mwembamba wa G una mahali, kwa kawaida kati ya freti ya 5 na ya 7, ambapo noti hufa upesi kuliko jirani zake. Sababu yake inajulikana: shingo nayo ina mtetemo wake wa asili, na noti inapoangukia kwenye mtetemo huo, shingo huunyonya uzi nguvu. Kufunga kipande cha chuma chenye uzito kichwani huhamisha mahali hapo, na hilo ni jaribio ambalo mmiliki yeyote anaweza kulifanya kwa dakika chache na kujisikilizia mwenyewe.

Mbao ina uzito wake mwingine, nao ni wa kisheria na wa kimaadili, na hapo Afrika inaingia moja kwa moja. Kampuni ya Warwick ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1982, imejulikana kwa shingo za mbao ya wenge, mti wa misitu ya bonde la Kongo ambao sasa uko hatarini. Ubao wa juu wa shingo, ule unaopachikwa freti, kwa miongo mingi umekuwa wa miti ya jenasi ya Dalbergia, ambayo ndiyo jenasi ya mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Mwezi Januari 2017 jenasi nzima iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na viwanda kadhaa, Fender kikiwemo, vikahamia kwenye mbao nyingine katika magitaa mengi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikaruhusiwa kupita bila vibali vya mkataba huo. Sikio halikuweza kuonyesha ushahidi wa hasara iliyotabiriwa mbao zilipobadilishwa, na hiyo ni sababu nzuri ya mpenzi wa besi kutong'ang'ania mti unaokwisha.

Upande wa umeme, besi za kawaida hazihitaji betri: umeme wa pikapu hupita kwenye vidhibiti viwili au vitatu vya kuzungusha na kapasita moja inayopunguza sauti za juu, kisha huenda moja kwa moja kwenye waya. Udhaifu wake ni kwamba waya mrefu wenyewe hula sauti za juu. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Leo Fender alikuwa amejiunga nayo baada ya kuiuza kampuni yake ya kwanza kwa kampuni ya CBS mwaka 1965, ilitoa StingRay, miongoni mwa besi za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa na priampu ndani, yaani kikuza sauti kidogo kinachotumia betri ya volti 9 na kumwezesha mpigaji kuongeza uzito au mng'ao badala ya kupunguza tu. Tangu hapo kuongeza priampu kwenye besi ya zamani kumekuwa marekebisho ya kawaida, na katika nyingi kati ya hizo kuchomeka waya ndiko kunakowasha mzunguko, kwa hiyo anayeuacha waya ukiwa umechomekwa usiku kucha hukuta betri imekwisha.

Mazoea haya ya kurekebisha yanadai sharti moja ambalo katika Afrika Mashariki halikupatikana kirahisi, nalo ni kwamba mpigaji awe ndiye mwenye gitaa. Katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam vyombo vilikuwa mali ya mwajiri: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, na Mlimani Park ilimilikiwa kwa miaka mingi na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mpiga besi aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake na kuliacha gitaa. Asingeweza kuchomoa pikapu ya shirika, kwa hiyo alichoweza kukibadilisha ni mahali anapopiga uzi, nguvu ya kidole, na vidhibiti vya amplifaya. Na kwa kuwa mahali pa kupigia uzi hubadilisha sauti kwa kanuni ileile ya mafungu ya mtetemo iliyoelezwa juu, wapigaji hao walikuwa na njia nyingi za sauti kuliko idadi ya magitaa yao. Anayesikiliza rekodi za bendi hizo kwa makini atasikia besi inayojibizana na solo na ridhimu kwa kuacha nafasi tupu, jambo ambalo hakuna kipuri kinacholiuza.

Kinyume kabisa cha hali hiyo ni mpiga besi Jaco Pastorius, ambaye hakuna aliyemzuia. Jazz Bass yake ya mwaka 1962 ilikuwa imeondolewa freti zote, mifereji iliyobaki ikajazwa, na ubao ukapakwa gundi ngumu ya mashua ili nyuzi za waya wa mviringo zisiutafune. Kwa kipimo cha wakusanyaji wa ala za kale, hayo ni maangamizi. Kwa kipimo cha muziki, albamu yake ya mwaka 1976 iliyobeba jina lake iliwafundisha wapiga besi wa dunia nzima kwamba ala yao inaweza kuimba.

Wakusanyaji hupenda zaidi besi za Fender zilizotengenezwa kabla ya kampuni kuuzwa mwaka 1965, na hulipa zaidi ikiwa rangi, vidhibiti na hata risasi ya kulehemia ni ya kiwandani. Hapa tabia ya kufunguka huwarudia kama tatizo la ushahidi, kwani tarehe iliyoandikwa kwenye kikonyo cha shingo ni ya shingo tu, na skrubu nne zinatosha kuileta kutoka gitaa jingine. Namba iliyo kwenye bamba la nyuma linalopitisha skrubu hizo nayo ni ya bamba tu. Vidhibiti vya umeme mara nyingi hubeba tarakimu zinazomtaja mtengenezaji, mwaka na wiki, mathalani 137 6633, yaani kampuni ya CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Lakini hiyo ni wiki ya kidhibiti, ambacho huenda kilikaa ghalani miezi mingi kabla ya kufungwa. Mnunuzi mwangalifu husoma tarehe hizo zote kwa pamoja na kutazama kama zinapatana, na mmiliki anayetaka kurekebisha besi ya umri huo hutafuta pikapu na vidhibiti vinavyoingia bila kutoboa tundu jipya, hupiga picha nyaya kabla ya kuzigusa, na huweka kila alichokitoa, pamoja na skrubu zake, ndani ya mfuko unaokaa kwenye sanduku la gitaa na kuuzwa nalo.